Muulize Fundi: Nyutro ya Kuazima na Breka Pacha

Mwezi huu barua zimekuja saba. Nne kati yao, moja ya Mji Mkongwe, mbili za Pemba na moja ya Jambiani, hazijuani kabisa. Lakini nilipozitandaza juu ya meza ya karakana hapa Mwanakwerekwe nikaona zote zinaulizia waya mmoja: nyutro, ule unaorudisha umeme, ambao mafundi wengi wanaufunga mwisho, jioni, wakiwa wameshachoka na wanawaza boda ya kurudia nyumbani. Basi nimezijibu hizo tu. Mwenye pampu ya Fuoni nivumilie, wewe ni mwezi ujao.

*

*Fundi, assalamu alaykum. Nyumba yetu ni ya urithi, Mji Mkongwe, chini na juu. Mwaka huu tumeng'oa kile kisanduku cha fyuzi za kauri tukafunga kipya chenye RCD mbili, zile za kukata umeme ukivuja, moja ya chini na moja ya juu. Tangu siku hiyo kila nikiwasha taa ya ngazi wakati wa Maghrib umeme unaruka, mara wa chini, mara wa juu. Fundi aliyefunga kaja mara tatu. Kabadilisha taa, kabadilisha swichi, kabadilisha RCD moja. Sasa anasema kuta zinavuja maji. Kuta zetu hazivuji.*
*Mama wa ngazi ya giza, Mji Mkongwe*

Waalaykum salaam, mama. Kuta zako zisingiziwe jengine, kwa hili hazimo. Na hiyo RCD aliyoitoa, kama bado anayo, mwambie akurudishie, maana naamini ilikuwa nzima.

Taa ya ngazi ina swichi mbili, moja chini mlangoni na moja juu. Fundi wa zamani alipoivuta, laini, yaani waya unaoleta umeme, aliichukua kwenye sakiti ya taa za chini, kwa kuwa swichi ya kwanza iko chini. Alipofika juu penye taa akahitaji nyutro. Kuirudisha mpaka chini ni kutoboa ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa mkono mzima, na chokaa ile ya zamani ukiigusa inamwagika kama unga wa muhogo. Hatua mbili pembeni yake kuna taa ya ukumbi wa juu, nyutro yake iko tayari. Akaiazima. Sisi tunaiita hivyo hivyo, nyutro ya kuazima, na nyumba za ghorofa mjini zimejaa.

Enzi za fyuzi za kauri mkopo huu haukujulikana. Fyuzi inatazama kinachokwenda, haina habari na kinachorudi. RCD ndiyo yenye daftari: inapima umeme uliotoka kwenye laini na uliorudi kwenye nyutro, na tofauti ikifika miliampia 30 inaruka. Taa yako umeme wake unatokea RCD ya chini na kurudia RCD ya juu. Ya chini inaona umetoka haujarudi, ya juu inaona umerudi ambao haukutoka. Taa ya LED ya wati 9 inavuta miliampia 40 hivi, au zaidi, basi zote mbili zimeshapata sababu ya kuruka. Inayowahi ndiyo inayokata, na ikishakata taa imezimika, mwenzake anapona. Ndio maana leo chini, kesho juu.

Kuruka ni usumbufu tu. Kinachonitia hofu ni jengine. Mwaka 1996 nilikuwa juu ya ngazi ya mbao katika nyumba moja ya Kikwajuni. Nimezima breka ya taa za juu, nimeigusa laini kwa testa, testa haikuwaka. Nikashika nyaya mbili nyeusi zilizosokotwa pamoja, nyutro kwa nyutro, nikazifungua ili niongeze ya tatu: moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto. Mtoto wa nyumba alikuwa kawasha taa ya ngazi, nami sikushughulika nayo, kwani haikuwa taa yangu ya siku ile. Nilipozitenganisha taa ikazimika, na umeme uliokuwa unapita baina ya nyaya mbili zile ukapita kifuani kwangu. Nilianguka. Kilichoniokoa ni kuanguka. Laini ilikuwa ya chini, nyutro ya juu, na testa yangu ilisema kweli kwa kile nilichoiuliza.

Mwambie fundi wako afanye hivi. Azime swichi kuu. Aitoe nyutro ya taa za juu kwenye reli yake, aifunge peke yake ndani ya konekta isiyoguswa na mtu, maana ncha hiyo taa ya ngazi ikiwashwa itakuwa na moto kamili. Kisha awashe sakiti ya taa za chini tu na kuijaribu taa ya ngazi. Ikikataa kuwaka, mkopo umethibitika. Dawa nzuri ni kuvuta nyutro mpya kutoka sakiti ile ile inayotoa laini, hata kwa bomba la juu ya ukuta, likapakwa chokaa likasahaulika. Kama hamtaki bomba, taa za chini na za juu zifungwe zote chini ya breka moja na RCD moja, laini zote na nyutro zote. Nyumba nzima ya taa za LED haimalizi breka ya ampia 6. Hasara yake ni kuwa ikiruka mnakaa kiza chini na juu, basi wekeni tochi penye mlango.

*

*Fundi wetu, kaka yangu anaishi Marekani. Kontena lake limefika na ndani, pamoja na baiskeli na nguo, kuna sanduku kubwa la chuma la breka, nafasi 20, na breka za ajabu: kila moja ina vishikio viwili, yaani breka mbili ndani ya nafasi moja. Kaka anasema jikoni kwake kazifunga mwenyewe, kapata nafasi mbili za ziada na hazijamletea taabu. Mimi kisanduku changu cha njia 6 kimejaa na nataka kuongeza kiyoyozi na pampu. Fundi wa hapa anasema ndani mna basiba mbili, vile vyuma vya kugawia umeme kwenye breka, tuziunganishe ziwe moja tufunge. Tufunge?*
*Mjenzi, Chake Chake*

Msifunge. Na kabla sijasema kwa nini, nataka nizungumze kidogo na kaka yako, maana naona yeye ndiye aliye karibu zaidi na moto.

Ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja nzima, nilifunga majenereta mpaka mikono ikaota sugu. Moja lilikuwa la Kimarekani, soketi yake ina matundu manne. Nikaweka mita: laini ya kwanza kwa nyutro, volti 120. Laini ya pili kwa nyutro, 120. Laini kwa laini, 240. Nyumba zao ndivyo zinavyolishwa, laini mbili zinazovutana kinyume, hii ikipanda ile inashuka, na nyutro imekaa katikati.

Kwa ajili hiyo Mmarekani anaweza kupeleka jikoni waya mweusi na waya mwekundu, laini mbili, na nyutro moja nyeupe ya kushirikiana. Nitaiita nyutro ya shirika, na wa Shirika la Umeme msije mkanichongea, sikukusudieni nyinyi. Laini moja ikivuta ampia 15 na nyengine 12, ile nyeupe inabeba tofauti yao, ampia 3. Zikivuta sawasawa, haibebi kitu. Ni hesabu halali, inaokoa shaba, na majiko mengi ya kule yamefungwa hivyo, sakiti mbili za ampia 20 kwa kebo moja.

Sharti ni kuwa laini mbili hizo zitoke pande mbili tofauti. Fungua lile sanduku ulilonalo utazame basiba zake: zimeingiliana kama meno ya zipu, jino la upande huu, linalofuata la upande ule. Breka mbili za kawaida zikikaa jirani, kila moja inashika upande wake. Breka pacha, ambazo wenyewe wanaziita tandemu, zimebanwa mbili juu ya jino moja. Vishikio viwili, upande mmoja.

Sasa mtu kama kaka yako anataka nafasi. Anaziona breka mbili za jikoni zimekaa jirani, anazing'oa, anatia pacha moja, waya mweusi huku, mwekundu kule. Taa zinawaka, birika linachemka, anapiga picha anatuma. Lakini laini mbili zile sasa haziko kinyume tena, zinasukuma pamoja, na nyutro haibebi tofauti tena, inabeba jumla. Ampia 20 na 20 ni 40, juu ya waya uliopimwa kwa 20. Umeme ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Breka ya kwanza inaona 20 yake, imeridhika. Ya pili inaona 20 yake, imeridhika. Nyutro haina breka. Inapika ukutani kimya kimya, na mwenye nyumba atajua siku atakaposikia harufu ya samaki waliooza jikoni na hana samaki, kwa sababu plastiki ya umeme ikiungua ndiyo harufu yake.

Mwambie amwite fundi mwenye leseni afungue kifuniko. Kama kwenye ile pacha mna mweusi na mwekundu waliotoka kebo moja yenye mweupe mmoja, mita iwekwe baina ya skrubu mbili za breka hiyo. Ikisoma 240, salama. Ikisoma 0, azime zote mbili siku hiyo hiyo asisubiri Jumapili. Na hata zikiwa pande mbili, kanuni zao tangu 2008 zinataka breka za nyutro ya shirika zizimike pamoja kwa mkono mmoja, nazo pacha za kawaida kila kishikio kinakwenda njia yake. Sisemi breka pacha ni haramu. Kila sakiti ikiwa na nyeupe yake, na mchoro wa ndani ya mlango wa sanduku ukiziruhusu nafasi zile, hazina neno.

Haya, turudi Chake. Soma ubavuni mwa breka hizo, utaona 120/240. Ule mshazari wa katikati una maana yake: 240 ni laini kwa laini, na laini kwa ardhi ni 120 tu. Pemba mnachota umeme wa Tanga kwa kebo ya chini ya bahari tangu 2010, na kila laini inayoingia nyumbani kwako ni volti 230 kwa ardhi. Breka hiyo siku za kawaida itakaa, utaisifu. Siku ya shoti itafungua midomo yake, cheche ya 230 itaruka katikati, na breka haikutengenezwa kuizima cheche ya ukubwa huo. Itayeyuka ikiwa imefunguka. Fundi wenu akiunganisha basiba mbili ziwe moja ndio kabisa, kila kilichomo kinakuwa upande mmoja, na nyutro yoyote iliyoshirikishwa inakuwa ya jumla. RCD yetu ya miliampia 30 haikai humo pia, na breka moja ikifa utaingoja kontena jengine.

Kama shida yako ni nafasi, nunua kisanduku cha njia 12. Breka zetu zina upana wa milimita 18, na siku hizi wapo wanaouza breka ya upana huo huo inayokata laini na nyutro pamoja, kwa mtu mwenye kisanduku kidogo hiyo ni neema. Kiyoyozi kipe sakiti yake mwenyewe, waya wa 2.5 kwa kidogo, na pampu yake. Lakini kwanza tazama breka kuu iliyo baada ya mita na ujumlishe unavyoviwasha kwa pamoja: jiko, pasi, kiyoyozi, pampu. Kuongeza matundu kwenye kisanduku hakuongezi umeme unaoingia, sawa na kuongeza mifereji bafuni wakati tangi ni lile lile. Lile sanduku la Marekani chuma chake kizuri, mimi ningewekea misumari.

*

*Maalim, kwetu nyumbani nyaya za zamani ni nyekundu na nyeusi, chumba kipya baba kanunua za kahawia na buluu. Naunga buluu kwa nyeusi? Na kule skuli ya jirani kuna fezi tatu, yaani laini tatu, nyekundu, manjano na buluu. Hiyo buluu nayo ni nyutro?*
*Mwanafunzi wa ufundi, Mkoani*

Suali la mwanafunzi lakini limeua wakubwa. Nyumbani kwenu ndio, buluu mpya inaungwa na nyeusi ya zamani, kahawia na nyekundu. Skuli sio! Katika rangi za zamani za Kiingereza buluu ni fezi ya tatu na nyeusi ndiyo nyutro. Katika rangi mpya buluu ni nyutro na nyeusi ni fezi. Waingereza wenyewe walibadilisha kuanzia 2004, na sisi tunauziwa zote mbili duka moja, rafu moja. Funga kipande cha tepu penye kila maungio ya zamani na mpya, uandike, na upime kwa mita kabla hujashika. Na skuli usiguse mpaka uwe na mtu mzima pembeni.

*

*Fundi, nina nyumba ya wageni Jambiani, vyumba tisa, fezi tatu. Wiki mbili hizi mgeni wa chumba cha nne akiwasha birika, taa za chumba cha saba zinang'ara kama za uwanja wa mpira, na za kwake zinafifia. Juzi televisheni mbili na chaja za wageni zimeungua kwa mpigo, na breka hata moja haikuruka. Fundi anasema ninunue stabilaiza tisa. Ninunue?*
*Mwenye wageni, Jambiani*

Ukimaliza kusoma sentensi hii, nenda kazime swichi kuu, kisha urudi uendelee. Wageni wape mishumaa na samahani.

Nyutro yako imelegea au imekatika, na ni nyutro ya shirika. Aliyejenga alivuta nyekundu, manjano na buluu mpaka kwenye safu ya vyumba, akazigawa vyumba vitatu vitatu, akazirudisha zote kwa waya mweusi mmoja. Ikiwa nzima, mambo yanakwenda, fezi tatu zinafutana na nyutro inabeba kidogo. Ikikatika, vyumba vyako havina tena 230. Chumba cha nne na cha saba vimefungwa mkia kwa mkia baina ya fezi mbili, yaani volti 400, na wanagawana, na mgao wenyewe si wa haki.

Chukua birika la wati 2000 kwa cha nne, na kwa cha saba feni na televisheni, jumla wati 100. Birika linapitisha umeme kwa urahisi, televisheni kwa shida, na katika mgao huu mwenye shida ndiye anayetwishwa. Ukipiga hesabu, birika linabakiwa na volti 19, maji hayapati hata uvuguvugu, na televisheni inapata 381. Breka haziruki kwa sababu umeme unaopita hauzidi ampia moja. Kwa breka ya 16 hiyo ni utulivu mtupu.

Nayajua haya si kwa kusoma. Mwaka 1990 nilikuwa mwanagenzi, nyumba moja ya Mkunazini yenye fezi tatu. Mwalimu wangu kanituma nikaze skrubu za reli ya nyutro. Nikaona moja imeota kijani, nikasema niifungue niisafishe vizuri nimfurahishe. Sikuzima. Ile waya ilipochomoka tundu lake, feni ya sebuleni ilianza kuvuma kama boti la mashine likipasua maji, taa ya barazani ikawa nyeupe mpaka sikuweza kuitazama, na ndani nikasikia "pwa", kisha moshi, kisha sauti ya bi mkubwa akimtaja Mola. Nikairudisha waya ile tunduni kana kwamba kurudisha kunafuta. Mwalimu aliingia, akaitazama televisheni, inchi 14, akanitazama mimi, akaenda kumpa yule bi mkubwa ahadi kuwa atalipwa. Pesa zilitoka kwangu, miezi mitano, na hakunisema hata neno moja. Ningependa angenisema.

Kwako, ulipo ni pwani. Kama kuna kisanduku cha maungio ukuta wa nje unaotazama bahari, anzia hapo. Chumvi inakula shaba na skrubu pamoja, na nyutro ya shirika ina maungio mengi kuliko laini, kila chumba kimechota kwake. Fundi azime, akague reli ya nyutro, kisha kisanduku kwa kisanduku. Waya ulioungua utakuwa umekakamaa, plastiki yake ya rangi ya chai. Ukikuta vyumba vyote tisa vinacheza, pamoja na ofisi na jiko, na ndani kwako kila skrubu iko imara, basi waite Shirika walitazame nguzoni, upande huo sio wako wala wa fundi wako.

Stabilaiza usinunue. Pesa hizo zivutie kila sakiti nyutro yake mpaka kisandukuni, zipangwe kwenye reli kwa mpangilio ule ule wa breka, nyutro moja tundu moja, na namba. Kama mfuko hauruhusu kuvuta upya yote, basi kila kundi linaloshiriki nyutro lipewe breka ya vishikio vitatu vilivyofungwa pamoja, ili anayezima azime vyote, na nyutro isiwe nyembamba kuliko laini hata kidogo. Wapo mafundi wanaoipunguza kwa hoja kuwa fezi zinafutana. Hoja hiyo ilikuwa ya zamani za taa za uzi. Taa za LED, televisheni na chaja zinakula umeme kwa vipande vipande, na sehemu ya uchafu wake katika fezi tatu haifutani, inajumlika kwenye nyutro. Nimeshapima kwa mita ya kubana hoteli moja ya kaskazini, fezi kila moja ampia 9, nyutro 13.

Ile skrubu au kipande cha waya mtakachokikuta kimeoza, usikitupe. Nitumie kwa daladala ya 309, mwambie konda ni cha fundi wa Mwanakwerekwe nyuma ya soko. Nina vijana wanne karakana, nataka wakishike mkononi.